Bei ya Haki ya Fundi Huanzia Kwenye Kipimo

Mtu anunuaye kilo moja ya sukari dukani habishani na mwenye duka juu ya ukubwa wa kilo. Jambo hilo limekwisha kuamuliwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982 hutaka mizani ya biashara ikaguliwe, na muuzaji mwenye mizani ya uongo huweza kufikishwa mahakamani. Kinachobaki kati ya wawili hao ni shilingi tu.

Mambo huwa tofauti kabisa mtu huyo huyo apelekapo gereji gari lenye mlango uliobonyea. Fundi wa bodi huutazama mlango, huugonga kwa kidole, humtazama na mwenye gari mwenyewe, kisha hutaja bei. Mwenye gari hushtuka, hata kama bei ni nafuu, kwa maana kushtuka ni sehemu ya mapatano. Kisha hutaja nusu yake. Baada ya maneno mengi hukutana mahali fulani katikati, na kila mmoja huondoka akiamini kwamba amepunjwa. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyetaja saa ngapi za kazi zitahitajika, ni bati kiasi gani limeliwa na kutu, wala ni tabaka ngapi za rangi zitapakwa. Wawili hao wamepatana bei ya kitu ambacho hakuna kati yao aliyekipima.

Desturi hiyo imezoeleka Gerezani mjini Dar es Salaam, na imezoeleka vilevile kwa mafundi wa juakali wa Nairobi. Wengi huiona kuwa ni suala la tabia: ama mafundi ni wadanganyifu, ama wateja ni wabahili. Lakini anayeichunguza kwa makini ataona kwamba mzizi wake ni kukosekana kwa kipimo, na kwa sababu hiyo jambo hili ni la kisayansi kama lilivyo la kibiashara. Bei ya haki haiwezi kupatikana mpaka kazi yenyewe iwe imepimwa. Pale ambapo kazi haikupimwa, kila shilingi inayoondolewa katika bei huondoa kitu katika kazi, na mwenye gari hajui ni kitu gani.

Kazi isiyoonekana

Ili kufahamu ni kitu gani huondolewa, yafaa kwanza kujua kazi ya bodi ni nini. Bati la bodi ya gari dogo kwa kawaida lina unene usiofika milimita moja. Chuma hicho chembamba kinapopata maji pamoja na oksijeni huanza kugeuka kuwa kutu. Chumvi huharakisha badiliko hilo, ndiyo maana magari ya Tanga, Mombasa na Zanzibar huliwa upesi kuliko yale ya bara. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo inapojijenga chini ya rangi huiinua rangi hiyo, nayo hupasuka, na maji hupata njia mpya ya kuingia.

Fundi ajuaye kazi yake hukata sehemu yote iliyoliwa na kuchomelea bati jipya. Hulinyoosha kwa nyundo mpaka likaribie umbo lake la awali, kisha hupaka puti kwa unene wa milimita chache tu na kuisugua kwa msasa. Kazi ya puti ni kusawazisha uso. Haikutengenezwa ili kuziba tundu. Tena ina vitundu vidogo sana vinavyofyonza unyevu, hivyo hapana budi ifunikwe kwa praima, ile rangi ya kwanza inayoshikamana na chuma na kuukinga na maji, kabla ya rangi ya mwisho kupulizwa.

Siku gari linapotoka gereji, mlango uliofanyiwa kazi yote hiyo na mlango ambao tundu lake limezibwa kwa puti nene huwa sawa machoni. Yote miwili hung'aa. Tofauti hujitokeza baada ya masika moja au mawili, puti inapovimba na kudondoka pamoja na kutu iliyoachwa chini yake.

Hata hivyo, tofauti hiyo yaweza kupimwa siku ile ile. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye uzi huvutwa kwa nguvu na bati lililofunikwa kwa rangi tu. Juu ya puti nene huvutwa kidogo sana au haivutwi kabisa, kwa sababu nguvu ya sumaku hupungua haraka umbali unapoongezeka. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa kuweka karatasi moja baada ya nyingine kati ya sumaku na kipande cha bati, akihesabu ni karatasi ngapi zinazotosha kuifanya sumaku ianguke. Chombo hicho cha bei ndogo humwambia mwenye gari yale ambayo maneno ya asubuhi nzima hayakumwambia.

Hesabu ya saa moja ya fundi

Upande wa pili wa mapatano ni wa fundi, naye aghalabu hujidhulumu mwenyewe kabla hajadhulumiwa na mteja. Mafundi wengi hutaja bei kwa kukumbuka bei ya jana, au kwa kusikia jirani ametoza kiasi gani. Wachache wanajua saa moja ya kazi yao huwagharimu shilingi ngapi. Hesabu yenyewe si ngumu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Kila fundi aweza kuweka zake. Kwa mwezi mmoja fundi mwenye wasaidizi wawili anahitaji:

Kodi ya kiwanja: shilingi 150,000
Umeme: shilingi 60,000
Malipo ya wasaidizi wawili: shilingi 400,000
Riziki yake na ya nyumba yake: shilingi 550,000
Leseni na kodi ya serikali: shilingi 40,000
Akiba ya kununua mashine nyingine ya kuchomelea: shilingi 25,000
Akiba ya kununua kompresa na bomba jingine la kupulizia rangi: shilingi 30,000
Barakoa, miwani na glavu: shilingi 25,000

Jumla ni shilingi 1,280,000. Akifungua gereji siku 24 kwa mwezi, saa 8 kila siku, atakuwapo kazini saa 192. Lakini saa zote hizo hazilipwi. Zipo saa za kutafuta spea, za kungoja umeme urudi, na za kuzungumza na wateja ambao hawarudi tena. Zikichukuliwa kuwa theluthi moja, hubaki saa 128 za kuuza. Shilingi 1,280,000 zikigawanywa kwa saa 128, kila saa yapasa iuzwe kwa shilingi 10,000.

Fundi asiyepiga hesabu hiyo hugawanya kwa saa zote 192, akapata karibu shilingi 6,700, akadhani kwamba hiyo ndiyo haki yake. Hasara yake haionekani jioni hiyo, kwa maana mfukoni mna fedha. Huonekana miaka kadhaa baadaye, mashine ya kuchomelea inapokufa na pasiwe na akiba ya kununua nyingine. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo moja katika orodha hiyo lastahili kutazamwa peke yake, nalo ni barakoa. Rangi nyingi za magari za siku hizi, zile zinazochanganywa na dawa ya kukaushia, zina kemikali ziitwazo isosayanati. Ukungu wake unaopulizwa huweza kumletea fundi ugonjwa wa pumu, na mtu aliyekwisha kuupata kwa njia hiyo huweza kubanwa tena na kiasi kidogo sana cha kemikali ile ile. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke. Inatakiwa barakoa maalumu, na iliyo bora ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba cha rangi. Gharama ya namna hiyo ndiyo ya kwanza kufutwa bei inapobanwa, kwa kuwa mteja huuona mlango wa gari lakini haoni mapafu ya fundi wala ya kijana anayemshikia mpira wa kompresa.

Bei inapobanwa

Uchukuliwe sasa mlango mmoja uliobonyea na kuliwa na kutu sehemu ya chini. Fundi ameupima, akaandika saa zinazohitajika: kufungua vitu vya mlango, saa 1, kukata kutu na kuchomelea bati, saa 3, kunyoosha, saa 4, puti na msasa, saa 3, praima na msasa wake, saa 2, rangi ya mwisho, saa 2, kufunga, saa 1. Jumla ni saa 16, yaani shilingi 160,000. Vifaa, yaani bati, puti, msasa, praima, rangi na thina, ni shilingi 95,000. Bei yote ni shilingi 255,000.

Mwenye gari anabisha mpaka inafika shilingi 150,000, naye huondoka akijisifu. Lakini vifaa havikushuka bei kwa sababu ya maneno yake. Zikiondolewa shilingi 95,000, hubaki 55,000, ambazo hununua saa tano na nusu. Kazi ya saa 16 haiwezi kufanywa kwa saa tano na nusu. Fundi ana njia tatu tu: afanye kazi yote kwa hasara na nyumbani wapunguze chakula, aache kukata kutu na kuzifunika tundu kwa puti, au anunue vifaa hafifu na kuruka praima. Njia ya kwanza haiwezi kurudiwa kila siku, kwa hiyo zile mbili za mwisho huwa ndiyo desturi ya gereji. Tena kijana anayejifunza kazi hapo hujifunza desturi hiyo kuwa ndiyo ufundi wenyewe. Hapo ndipo hasara ya taifa ilipo: si katika mlango mmoja, bali katika ujuzi unaorithishwa ukiwa pungufu.

Je, maana yake ni kwamba mwenye shilingi 150,000 hana haki ya kutengenezewa gari? La, hasha. Wananchi wengi hawana fedha ya kazi kamili, na kuwaambia waende zao si jibu. Jibu ni kupunguza kazi waziwazi badala ya kupunguza bei gizani. Kazi ikiwa imeandikwa hatua kwa hatua, fundi na mteja wanaweza kuulizana: ni hatua zipi zinazokinga chuma, na zipi zinazopendeza macho tu? Kemia hutoa jibu. Kukata kutu, kuchomelea na kupaka praima hukinga. Puti laini na rangi ya kung'aa hupendeza zaidi kuliko zinavyokinga. Basi waandikiane kazi ndogo: kufungua saa 1, kukata na kuchomelea saa 3, kunyoosha kwa kiasi saa 2, praima saa 2, kufunga saa 1. Saa 9 ni shilingi 90,000, na vifaa vyaweza kuwa shilingi 50,000. Jumla ni shilingi 140,000. Gari litatoka likiwa na doa la praima na mbonyeo kidogo, lakini kutu imeondolewa, na mwenyewe atarudi kukamilisha rangi atakapojaliwa. Amelipa kidogo akapata kidogo, lakini amepata kile alicholipia.

Kubadili injini: mahali pasipo na punguzo

Yaliyosemwa juu ya mlango yana uzito mkubwa zaidi katika kazi ya kubadili injini au nishati yake. Fundi anayetoa injini ya petroli na kuweka ya dizeli hauzi injini peke yake. Huuza pia viegemeo vipya vya injini, mpangilio mpya wa nyaya, rejeta inayotosha kuipoza, na uchunguzi wa springi na breki za mbele, kwa kuwa injini ya dizeli aghalabu ni nzito zaidi. Tena kadi ya gari huonyesha namba ya injini, na badiliko hilo halina budi kuandikishwa. Bei inayotajwa kwa neno moja, kama "kubadili injini", huficha mambo yote hayo, na linalofichwa ni rahisi kuachwa.

Nchini Tanzania kazi iliyoenea zaidi katika miaka ya karibuni ni ya kuyabadili magari ya petroli yatumie gesi asilia. Gesi hiyo iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na ile ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kuzalisha umeme mwaka 2004. Leo teksi na bajaji nyingi za jiji hilo huitumia, kwa kuwa gharama yake kwa kila kilomita ni ndogo kuliko ya petroli. Biashara ikikua hivyo, mafundi huongezeka, na ushindani wa bei huongezeka pia. Ni vyema basi kila mwanafunzi wa fizikia ajue ni nini kilichomo ndani ya bei hiyo.

Gesi asilia ya magari hubebwa katika mtungi kwa kanieneo ya karibu mara 200 ya hewa ya kawaida. Maana yake ni kwamba kila sentimita moja ya mraba ya ukuta wa mtungi husukumwa kwa nguvu iliyo karibu sawa na uzito wa kilo 200. Mtungi wa gesi ya kupikia haukuundwa kwa kanieneo hiyo hata kidogo, kwa kuwa gesi ya kupikia hugeuka kuwa kimiminika kwa kanieneo ndogo tu. Kwa macho mitungi hiyo yaweza kufanana; kwa hesabu haifanani. Mwezi Oktoba 2024, katika mji wa Benin nchini Nigeria, gari lililipuka lilipokuwa likijazwa gesi na watu wakajeruhiwa. Mamlaka za nchi hiyo zilieleza kwamba mtungi wake haukuwa wa kazi hiyo na ulikuwa umechomelewa.

Kwa hiyo katika kazi ya gesi zipo hatua ambazo hazina punguzo: mtungi wenye alama na tarehe zake, na usiopitwa na muda wa kupimwa tena, mabomba na vali za kanieneo hiyo, vishikio vinavyoweza kuuzuia mtungi gari linapogongwa, na jaribio la kuvuja katika kila kiungo. Mteja anaweza kuchagua kutopaka rangi mlango wake. Hawezi kuchagua mtungi usiopimwa, kwa sababu hatari yake huwapata pia abiria, mpita njia na mjazaji wa gesi, ambao hawakushiriki katika mapatano.

Hesabu yenyewe huonyesha kwamba ubahili wa hapa hauna faida. Ichukuliwe kwa mfano kwamba kazi kamili hugharimu shilingi 2,000,000, na kwamba dereva wa teksi huokoa shilingi 16,000 za mafuta kila siku. Gharama hurudi kwa siku 125. Fundi mwingine akimtoza 1,500,000 kwa kuweka mtungi wa kuokoteza, atakuwa amemwokolea shilingi 500,000, yaani akiba ya siku 31 tu. Mtungi ulioundwa sawasawa na kupimwa ipasavyo hutumika miaka mingi. Dereva atakuwa ameketi juu ya hatari kwa miaka hiyo yote kwa ajili ya mwezi mmoja.

Bei ya haki ina pia ukweli ndani yake. Kila ujazo mmoja wa methani huungua kwa ujazo mbili za oksijeni, na oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa. Hivyo hutakiwa karibu ujazo 9.5 za hewa. Katika kila ujazo 10.5 zinazoingia kwenye silinda, mmoja ni gesi. Nafasi ya hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya kumi, ndiyo maana gari la petroli lililobadilishwa hupungukiwa nguvu kidogo mlimani. Fundi anayeahidi kwamba nguvu itabaki ile ile anauza kitu ambacho kemia haikukubali.

Mwenye gari alindwe vipi?

Itasemwa kwamba maneno haya yote yanamtetea fundi, ilhali wapo mafundi wanaotoza spea ambazo hawakuzifunga na kutibu magonjwa ambayo gari halina. Ni kweli wapo. Mwaka 1973 wanauchumi Michael Darby na Edi Karni walieleza kwamba zipo huduma ambazo mnunuzi hawezi kujua ubora wake hata baada ya kuzitumia, na matengenezo ni mojawapo. Anayeuza huduma ndiye pia anayemwambia mnunuzi kwamba anaihitaji. Kabla yao, mwaka 1970, George Akerlof alikuwa ameonyesha, kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika, kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha kizuri na kibaya hulipa bei ya wastani tu. Wenye vitu vizuri wakaona hailipi, wakaondoka sokoni. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Maelezo hayo yanatosha kufasiri kwa nini fundi mwaminifu asiyeweza kuuonyesha uaminifu wake hushindwa na fundi wa puti nene.

Wengine watashauri serikali ipange bei. Jambo hilo si geni: Tanzania iliunda Tume ya Bei ya Taifa mwaka 1973, na bei za bidhaa nyingi zilipangwa mpaka udhibiti ulipoanza kulegezwa katika miaka ya 1980. Lakini kopo la rangi ni sawa na kopo jingine, ilhali mbonyeo mmoja si sawa na mwingine. Bei moja ya kila mlango ingemwadhibu fundi anayepata mlango mbovu zaidi, na kumsukuma aufanyie kazi pungufu. Kinachofaa kulinganishwa nchini kote ni maelezo ya kazi na saa zake. Shilingi za saa moja na ziachiwe ushindani.

Mfano wa sheria ya namna hiyo upo. Mwaka 1971 jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria inayomtaka fundi ampe mteja makadirio ya maandishi kabla ya kuanza kazi, asizidishe bei bila idhini ya mteja, na amrudishie spea za zamani akizitaka. Si lazima kungoja sheria kubwa ili kufuata mambo hayo. Karatasi moja yenye safu nne, yaani hatua, saa, vifaa na bei, ikitiwa sahihi na pande mbili, inatosha kwa gereji yoyote, hata ile iitwayo gereji bubu chini ya mwembe. Fundi akikuta ubovu uliojificha, asimame na kumpigia mwenye gari simu kabla ya kuendelea.

Jambo moja zaidi lapasa kuongezwa, nalo ni kulipia uchunguzi. Kwa desturi iliyopo, kuchunguza gari ni bure, na fundi hulipwa tu akikuta ubovu. Desturi hiyo humpa sababu ya kuukuta. Fundi aliyelipwa kwa saa moja ya kupima mgandamizo wa silinda za injini anaweza kumwambia mteja kwa moyo mweupe kwamba injini yake imechoka, na kwamba isibadilishwe kwenda gesi mpaka itengenezwe kwanza. Ada ndogo ya uchunguzi ni bei ya ushauri usio na tamaa.

Kazi iliyopo mbele ya vyuo na shule

Vyuo vya ufundi stadi vinavyosimamiwa na VETA, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 1994, pamoja na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, vina karakana, walimu na wanafunzi. Vinaweza kupima saa za kazi mia moja za kawaida, kama kunyoosha mlango, kubadili gasketi ya kichwa cha injini au kufunga mtungi wa gesi, na kuzichapisha katika kijitabu cha Kiswahili chepesi. Nchi zenye viwanda vingi zimekuwa na vitabu vya namna hiyo kwa miaka mingi, lakini haviwezi kunakiliwa tu. Saa zake zilipimwa katika karakana zenye winchi na umeme usiokatika, wala si kwa gari la miaka ishirini lenye nati zilizoshikana kwa kutu.

Shule za sekondari nazo zina sehemu yao. Wanafunzi waliopata ruhusa ya fundi aliye jirani na shule wanaweza kwenda na saa na daftari, wakaandika kila hatua ya kazi moja na dakika zake. Darasani watapata somo la hesabu katika kutafuta wastani, la fizikia katika kanieneo, la kemia katika kutu, na la biashara katika kugawanya gharama. Wakimaliza, mwalimu awaombe wampelekee fundi huyo nakala ya hesabu yao. Huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza kwake kuiona saa yake moja ya kazi ikiwa imeandikwa kwa tarakimu, na mteja ajaye atakuta karatasi ya kuzungumzia kabla ya bei kutajwa.